Mwenzi wako amefilisika kisheria: kupanga upya mapato na matumizi ya nyumba, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye hajafilisika, yule wa pembeni. Maana ukitafuta habari za kufilisika kisheria karibu zote zinaongea na mwenye madeni, ajaze fomu gani, apeleke wapi, atafutiwa nini, alafu mke au mume anaachiwa sentensi moja tu, "wewe haikuhusu". Mimi niliambiwa hivyohivyo mume wangu alipochukua hiyo hatua, na kisheria ilikuwa kweli, sikuwa nadaiwa hata senti moja kwenye madeni yake. Ila mwezi wa kwanza tu nikaona mambo yalivyo, deni lilikuwa lake lakini bajeti ilikuwa yetu wote, na bajeti ndo ilipigwa.

Kwahiyo hapa nitaongelea hela ya nyumba: inayoingia, inayotoka, na nani anaihesabu. Nikisema mfilisi namaanisha yule afisa au mtaalamu anayekabidhiwa mali na hesabu za aliyefilisika ili awagawie wadai. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, mifano nitaitoa Kanada, England na Wales, Marekani na Australia kwasababu taratibu zao zimeandikwa wazi, wewe utauliza kwako inakuwaje ila maswali ya kuuliza ni haya haya.

Hatua ya 1: Jueni kwanza deni ni la nani

Kabla hata ya kuongea na mfilisi kaeni chini na makaratasi yote. Kwa kila deni tafuteni mkataba wenyewe, sio meseji ya kukumbushwa malipo, alafu angalieni ukurasa wa saini. Yagaweni mafungu matatu: yake peke yake, yako peke yako, na yale mliyosaini wote wawili au mmoja kamdhamini mwingine.

Fungu la tatu ndo lenye moto. Watu wengi wanadhani deni la pamoja linakatwa nusu kwa nusu, hapana. Kama mmekopa 100 pamoja na mwenzako akafilisika, anayedai anakugeukia wewe kwa chote kilichobaki, sio kwa 50. Kufutiwa kwake hakukufuti wewe. Marekani kuna nafuu kidogo, mtu akienda na sura ya 13 ya sheria yao ya kufilisika, ambayo ni mpango wa kulipa kidogokidogo kwa miaka 3 hadi 5, yule aliyesaini naye deni la matumizi binafsi anakuwa na kinga wakati mpango unaendelea, ila akienda na sura ya 7, ambayo ni ya kufutiwa madeni bila mpango wa kulipa, hiyo kinga hamna. Angalieni pia kadi ya ziada, yani ile kadi ya krediti yenye jina lako lakini akaunti ni yake. Kuna mikataba inayokuhesabu na wewe kuwa mdaiwa kwa kutumia tu hiyo kadi, isome. Na ovadrafti ya akaunti ya pamoja, yani kutoa hela benki zaidi ya salio lililopo, ni deni la pamoja hata kama wewe hujawahi kuigusa.

Ndoa peke yake, sehemu nyingi, haikufanyi udaiwe. Lakini zipo sehemu ambako mali za ndoa zinahesabiwa chungu kimoja. Marekani kuna majimbo 9 ya namna hiyo, yakiwemo California, Texas na Washington, huko mali mliyochuma ndani ya ndoa inaweza kuingizwa kwenye mafungu ya wadai hata kama aliyefilisika ni mmoja. Ufaransa nako wanandoa wasio na mkataba maalumu wa ndoa wana mali ya pamoja ambayo wadai wa mmoja wanaweza kuifikia, ila mshahara wa yule mwingine umelindwa isipokuwa kwa madeni ya kuendeshea nyumba. Kwahiyo swali la kwanza kabisa kumuuliza mwanasheria au mfilisi ni hili: ndoa yetu iko chini ya utaratibu gani wa mali?

Mkiona fungu la pamoja ndo kubwa kuliko yote, ulizeni mapema kama ina maana mmoja kufilisika na mwingine kubaki. Marekani mke na mume wanaweza kuwasilisha ombi moja la pamoja. Na ulizeni kuhusu njia zisizo za kufilisika pia, kwa mfano Kanada mtu anaweza kuwapelekea wadai pendekezo la kulipa sehemu ya deni kwa muda usiozidi miaka 5, kama deni lake halizidi dola 250,000 bila kuhesabu mkopo wa nyumba anayoishi. Mume wangu hii hakuiuliza. Tuliisikia baadaye sana.

Hatua ya 2: Tenganisha akaunti kabla ombi la kufilisika halijaingia

Hii ndo iliyoniumiza kuliko zote, kwahiyo nitaieleza vizuri.

Mshahara wangu ulikuwa unaingia kwenye akaunti ya pamoja. Ijumaa ukaingia, meseji nikaiona. Jumamosi asubuhi niko dukani na kikapu, nakuja kulipa kadi inakataa, nairudia inakataa, nafungua simu naangalia, salio lipo lote. Hela naiona ila haitoki. Watu nyuma yangu kwenye foleni wananiangalia, nikarudisha vitu kimoja kimoja, maziwa ya mtoto nikalipia kwa sarafu zilizokuwa chini ya mkoba. Jumatatu benki wakanieleza kwamba mmoja wa wenye akaunti ametangazwa kufilisika kwahiyo akaunti imefungwa mpaka mfilisi aseme zipi zake zipi sio zake. Ilichukua siku 11, na slipu zangu 3 za mshahara, kuipata hela niliyoifanyia kazi mwenyewe.

Usisubiri hiyo. Wiki kadhaa kabla ya ombi kuingia fungua akaunti kwa jina lako peke yako, na iwe benki ambayo hakuna kati yenu anayedaiwa nayo. Sababu ni kwamba benki unayodaiwa huwa ina haki ya kuchota kwenye akaunti yako kujilipa mkopo wake, na mwenzako naye afungue yake kwenye benki isiyomdai kwa sababu hiyohiyo. Mpe mwajiri namba mpya, alafu subiri mshahara mmoja uingie kweli ndo uhamishe makato ya kila mwezi kama bima, intaneti, ada. Andika orodha ya kila kinachojikata chenyewe kwenye akaunti ya zamani, pitia miezi 12 nyuma maana kuna vinavyokatwa mara moja tu kwa mwaka, hivyo ndo vinasahaulika alafu bima inakufa kimyakimya.

Sasa hapa kuna mstari usiuvuke. Kuhamisha mshahara wako ni sawa kabisa. Kuhamisha vitu VYAKE kuja kwako siyo sawa: gari kubadilishwa jina wiki mbili kabla, akiba yake kuwekwa kwako, kiwanja kuuziwa mdogo wake kwa bei ya bure. Mfilisi ana mamlaka ya kurudi nyuma na kuvunja hizo biashara. England na Wales anaweza kuangalia mpaka miaka 5 nyuma kwa mali iliyotolewa bure au kwa bei ya chini, sheria ya kufilisika ya Marekani inarudi miaka 2 nyuma. Na kumlipa ndugu deni lake lote mapema ili asiumie huku wadai wengine wanaachwa nako kunaweza kuvunjwa, ndugu akadaiwa arudishe. Najua inauma, hasa kama ni mama mzazi aliyewakopesha. Bora umweleze ukweli mapema.

Hatua ya 3: Elewa mapato yako yanahesabiwaje

Swali ambalo kila mtu analiuliza kwa kunong'ona: mshahara wangu watauchukua? Kwa kawaida hapana, mshahara wako ni wako. Ila wataUHESABU, na kuhesabiwa kuna matokeo. Mfilisi anataka kujua nyumba nzima inaingiza kiasi gani ili ajue aliyefilisika anaweza kuchangia kiasi gani kwa wadai. Kwahiyo usishangae ukiombwa slipu zako.

Kanada utaratibu wao uko hivi. Kila mwaka serikali inatoa kiwango cha mapato ya kuishi kulingana na watu wangapi wako kwenye familia. Mapato halisi ya nyumba yakizidi kiwango kwa dola 200 au zaidi kwa mwezi, nusu ya ziada inakuwa ya wadai, ila aliyefilisika analipa kwa sehemu yake tu ya mapato ya nyumba. Tufanye hesabu kwa namba ndogo za mfano ili ieleweke, chukulia ule mstari wa dola 200 umeshavukwa. Kiwango ni 100. Yeye anaingiza 90, wewe 60, jumla 150. Ziada 50, nusu yake 25. Yeye ni asilimia 60 ya mapato kwahiyo analipa 15 kila mwezi.

Sasa angalia ukipandishwa mshahara wewe, kutoka 60 kwenda 80. Jumla 170, ziada 70, nusu 35, sehemu yake imeshuka kuwa karibu asilimia 53, analipa kama 18 na nusu. Yani kati ya 20 uliyoongezewa nyumba imepoteza 3 na nusu hivi, 16 na nusu imebaki. Akiongezewa yeye hiyo 20 badala yako: 110 kwa 60, jumla ileile 170, nusu ya ziada ileile 35, ila sehemu yake sasa ni karibu asilimia 65, analipa kama 22 na nusu. Nyumba imepoteza 7 na nusu. Ni ongezeko lilelile ila mara mbili ya makato. Kama mna nafasi ya kuchagua nani achukue zamu za ziada na nani abaki na watoto, hesabu hii ifanyeni kwanza, ni halali kabisa, hakuna anayeficha kitu hapo.

Na siyo kiasi tu, ni muda pia. Kanada anayefilisika mara ya kwanza bila ziada anaweza kutoka kwenye ufilisi baada ya miezi 9, akiwa na ziada inakuwa 21. Kwahiyo nyongeza ndogo inayowavusha ule mstari inaweza kuwagharimu mwaka mzima wa malipo. Jueni mstari uko wapi.

Australia wanaangalia mapato ya aliyefilisika mwenyewe baada ya kodi, yakizidi kiwango anatoa nusu ya kilichozidi, na kiwango kinapanda kulingana na wanaomtegemea. Kama unajitegemea kwa mshahara wako hauhesabiki kuwa tegemezi. England na Wales wanachukua mahitaji ya msingi ya nyumba, wanaangalia wewe unapaswa kubeba bili kiasi gani kwa mapato yako, kinachobaki mkononi mwake baada ya sehemu yake ndo anatakiwa kukitoa kwa muda wa hadi miaka 3. Maana yake ukiwa unapata zaidi yake, unategemewa kubeba zaidi, na yeye anaonekana ana cha kutoa. Hujalipa deni lake moja kwa moja lakini mfuko wako umeguswa, jipange hivyo.

Marekani kwenye sura ya 7 wanachukua wastani wa mapato ya miezi 6 iliyotangulia kuona kama mtu anastahili kuitumia hiyo sura, na kama mnaishi pamoja ya kwako yanaingia, hata kama hujafilisika. Ila unaruhusiwa kutoa ile sehemu ya mshahara wako isiyoingia kwenye matumizi ya nyumba, mfano unalipa kadi yako mwenyewe, au matunzo ya mtoto uliyezaa kabla ya ndoa hii. Wengi hawalijui hili, wanaandika mshahara wote, na kumbe hicho kipande kingetosha kumvusha mwenzao. Uwe na ushahidi wa kila unachokitoa.

Mapato ya ghafla je? Hapa punguza matumaini. Kodi anayorudishiwa aliyefilisika kwa mwaka ule, Kanada, inaenda kwa mfilisi. Urithi pia: Kanada ukimfikia kabla hajaondolewa kwenye ufilisi unaingia kwa wadai, Marekani ni urithi anaostahili ndani ya siku 180 tangu ombi liwasilishwe. Kama mlizoea kulipia ada ya shule kwa hela ya kurudishiwa kodi, tafuteni chanzo kingine mapema.

Hatua ya 4: Jenga bajeti mpya kutoka sifuri

Msichukue bajeti ya zamani mkaipunguza pembeni, haifai, maana nyumba iliyokuwa inaendeshwa kwa mkopo na nyumba inayoendeshwa kwa hela taslimu ni nyumba mbili tofauti.

Chukueni taarifa za benki za miezi 3 na daftari. Andikeni kila matumizi mpaka ya vocha na soda. Vinavyolipwa mara moja kwa mwaka gaweni kwa 12. Mimi nilipofanya hivi nikagundua kitu kilichonishtua, kwamba karibu kila mwezi mwisho wa mwezi tulikuwa tunakula kwa kadi ya krediti, yani nilichokuwa nakiita mapato yetu nusu yake ilikuwa mikopo. Usiku ule tulikaa kimya kirefu mimi na yeye.

Kuna vitakavyoondoka. Marejesho ya madeni yasiyo na dhamana, yani yasiyoshikiliwa na mali kama nyumba au gari, yanasimama, pamoja na riba na faini zake, na kwa nyumba nyingi hii ni nafuu kubwa kuliko makato ya mfilisi. Simu za wanaodai zinasimama pia, hiyo haina bei lakini usingizi unarudi.

Na kuna vitakavyokuja ambavyo hamkuwa navyo. Malipo kwa mfilisi. Ada za kuwasilisha ombi lenyewe, ambazo mara nyingi hutakiwa mapema kwa taslimu. Simu ya kulipia mwishoni inageuka ya kulipia kabla. Mwenye nyumba mpya, mkihama, anataka amana kubwa au mdhamini. Bima ya gari iliyokuwa ya mwezi kwa mwezi inaweza kutakiwa yote kwa mkupuo kwasababu kulipa bima kwa mwezi ni mkopo pia. Gari likiondoka kuna nauli, na nauli ya watu wawili na watoto inaweza kukaribia marejesho ya gari lenyewe, pigeni hesabu kabla ya kukubali kuliachia. Na kubwa kuliko yote, hamna tena pa kukimbilia friji ikifa. Kwahiyo mstari wa dharura uwepo kwenye bajeti tangu mwezi wa kwanza, hata kama ni asilimia 2 ya mapato, na ukae kwenye akaunti YAKO.

Kugawana bili, msigawane nusu kwa nusu kama mapato hayalingani. Tumieni uwiano. Kwa mfano ule wa juu, yeye 90 wewe 60, matumizi ya nyumba yakiwa 110 yeye anabeba 66 wewe 44. Uwiano unawasaidia mara mbili, ni haki kati yenu, na mfilisi akiuliza mna jibu lenye hesabu, sio "tunasaidiana tu".

Kuhusu matumizi gani mfilisi atayakubali: kodi ya nyumba, chakula, nauli ya kazini, matibabu, watoto, hayo hayana mjadala kama ni ya kiasi. Yanayoulizwa ni ada ya shule ghali, kutuma hela kwa ndugu kila mwezi, akiba, vifurushi vya burudani. Sio kwamba ni dhambi, ila aliyefilisika akitoa hiyo hela kwenye mapato yake ni kama inatoka kwa wadai. Kusaidia wazazi wako kufanye kutoka kwenye mshahara wako na kuandike hivyo. Kanada kuna matumizi yanayotolewa kabla ya kupiga hesabu ya ziada, kama matunzo ya mtoto au mtalaka, malezi ya watoto wakati mko kazini, na gharama za ugonjwa, ila bila risiti hayatolewi. Sisi tulikuwa na bahasha kubwa ya kaki imening'inia pembeni ya friji, kila risiti ya dawa inaingia humo siku hiyohiyo, sio kesho.

Hatua ya 5: Nyumba, gari na vitu vya ndani

Deni lenye dhamana, yani mkopo wa nyumba au gari, halitoweki hivihivi. Mkitaka kubaki na hiyo mali marejesho yanaendelea, kwahiyo yanabaki kwenye bajeti, na yawekwe juu kabisa.

Nyumba ikiwa ya wote wawili, sehemu yake inaingia mikononi mwa mfilisi, yako inabaki yako. England na Wales mfilisi kwa kawaida ana miaka 3 ya kufanya kitu kuhusu sehemu hiyo, la sivyo inarudi kwa mwenyewe, na mwaka wa kwanza ukipita mahakama inaegemea upande wa wadai isipokuwa kuwe na hali isiyo ya kawaida. Kwahiyo huo mwaka mmoja ndo wa kujipanga. Mara nyingi mwenzi anaruhusiwa kuinunua hiyo sehemu, na kama mkopo wa nyumba bado ni mkubwa kiasi kwamba thamani iliyobaki ni ndogo, bei inaweza kuwa ndogo kuliko unavyoogopa. Tafuta tathmini yako mwenyewe.

Vitu vya ndani vya kawaida na zana za kazi huwa vinalindwa. Ila ulichonunua wewe kwa hela yako kama cherehani, kompyuta ya biashara yako, tafuta risiti au mstari wa benki unaoonyesha ulikilipia, kabla ya mtu kuja kuorodhesha.

Hatua ya 6: Linda rekodi yako ya mikopo

Rekodi yake ndo inachafuka, yako haichafuki kwa sababu ya ndoa. Marekani sura ya 7 inaonekana kwenye rekodi yake miaka 10, Uingereza miaka 6, na Australia kuna rejista ya taifa ambako jina linabaki moja kwa moja. Kinachokuunganisha na wewe ni akaunti za pamoja. Uingereza mkishafunga zote na hamna deni la pamoja, unaweza kuziandikia taasisi za taarifa za mikopo zikutenganishe naye, hawafanyi wenyewe mpaka uombe.

Naomba nikazie kitu hapa kwasababu nimekiona kwa zaidi ya familia moja. Yeye hakopesheki tena, wewe unakopesheka, kwahiyo kila kitu kinaanza kupita kwa jina lako, simu mpya, gari, mtaji wa kuanza upya. Inaanza kwa upendo. Baada ya miaka 2 madeni yote ya nyumba yapo kwako na safari hii hamna wa pembeni. Wekeni makubaliano kwamba mpaka atakapoondolewa kwenye ufilisi hakuna mkopo mpya kwa jina lako kwa matumizi ya kawaida, na ukisema hapana isiwe ugomvi.

Hatua ya 7: Kikao cha kila mwezi

Siku moja kwa mwezi, saa moja, daftari na bahasha ya risiti. Kanada aliyefilisika anapeleka kwa mfilisi fomu ya mapato na matumizi ya nyumba kila mwezi, kwahiyo kikao ni cha lazima ukipenda usipende, na kwingine fanyeni hata kama hamjaombwa. Angalieni vitu vitatu: kilichoingia, kilichotoka, na kipi kimebadilika kinachotakiwa kuripotiwa, mfano kazi mpya, mtoto kuzaliwa, mmoja kusimamishwa kazi. Mapato yakishuka ripotini harakaharaka ili malipo yapunguzwe, watu wanachelewa kwa aibu na wanaendelea kulipa kiwango cha zamani.

Usikigeuze kikao kuwa kesi. Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa naanza na "kama ungeniambia mapema", kikao kinaishia hapo, hakuna hesabu iliyofanyika. Hasira yangu ilikuwa ya kweli na niliitafutia muda wake, siku nyingine, ila saa ya daftari ikabaki ya daftari. Yeye naye alikuwa anaona haya mpaka alikuwa anaogopa kuomba hela ya kunyoa, tukaamua kila mmoja awe na kiasi kidogo cha mfukoni kisichoulizwa. Kidogo tu, ila kilirudisha utu.

Na kumbukeni yapo madeni ambayo kufilisika hakuyafuti, kama matunzo ya mtoto, faini za mahakama, na yaliyotokana na utapeli. Mikopo ya elimu nayo sehemu nyingi ni ngumu kufutwa, Kanada kwa mfano mpaka iwe imepita miaka 7 tangu mtu aache masomo. Hayo yabaki kwenye bajeti tangu siku ya kwanza msije mkadhani yameondoka.

Hatua ya 8: Siku anapoondolewa kwenye ufilisi

England na Wales kwa kawaida ni miezi 12, Australia ni miaka 3 na siku moja. Msichanganye tarehe hii na tarehe ya kumaliza kulipa, maana yale malipo ya hadi miaka 3 ya England na Wales yanaendelea hata kama mtu ameshaondolewa, wengi wanaukata huo mstari kwenye bajeti mapema na kujikuta na barua. Kanada pia hakikisheni amehudhuria vikao 2 vya ushauri wa fedha anavyotakiwa kuhudhuria, akivikosa haondolewi kwenye ufilisi moja kwa moja muda ukifika.

Malipo kwa mfilisi yakiisha kabisa, ule mstari usiufute kwenye bajeti. Mmeshazoea kuishi bila hiyo hela, uelekezeni kwenye akiba ya dharura mpaka mfikishe matumizi ya miezi 3, ndo mfikirie kingine. Ombeni hati ya kuondolewa kwenye ufilisi, tengenezeni kopi kadhaa, moja ikae kwako. Baada ya miezi 2 au 3 kila mmoja aombe taarifa yake ya mikopo na mzisome pamoja mstari kwa mstari: kwake madeni yaliyofutwa yaonyeshe sifuri, kwako kusiwe na deni lake hata moja. Kwangu mimi lilikuwepo moja, kadi ambayo sikuwahi kuisaini, niliandika barua nikaambatanisha mkataba wenye saini yake peke yake, lile fungu la kwanza la Hatua ya 1, na likaondolewa.